Mwalimu wa Kuanguka

Tryphena Mghoi alikuwa mwalimu wa kuanguka. Msicheke. Katika kile kituo chetu kulikuwa na mwalimu wa cherehani, mwalimu wa viatu na ngozi, na bibi mmoja wa mazoezi aliyekuja kutoka Mombasa mara moja kwa mwezi kutufundisha kutembea. Kutembea tulifundishwa. Kuanguka hatukufundishwa na yeyote aliyelipwa mshahara, ilhali mwenye magongo huanguka kila siku ya Mungu. Kazi hiyo aliifanya Tryphena bure, kwenye mchanga nyuma ya jiko, jioni karakana zikishafungwa.

Mimi naitwa Kituku. Nashona viatu hapa Voi, karibu na stesheni, na wanaonijua wanasema nina mdomo mchungu. Ni kweli. Mguu wangu wa kulia ulibaki chini ya toroli ya mkonge nikiwa kijana, na tangu siku hiyo kila mtu mwenye miguu miwili ameniambia "hujafa hujaumbika." Siku hizi nikiisikia methali hiyo, mkono unaenda wenyewe kwenye gongo. Lakini habari hii si yangu, ni ya Tryphena, na naieleza kwa sababu waliomwua roho bado wanasema walimhurumia.

Alizaliwa Ronge, kule juu milimani ambako mashamba yamening'inia kwenye mteremko na kila nyumba ina ngazi za mawe. Polio ilimpata akiwa mtoto, ikachukua miguu yote miwili. Kwao walimpenda sana. Hilo nalisema mapema, maana wasikilizaji wangu hupenda kutafuta mtu mbaya, na katika nyumba ile hakuwepo. Mama yake alimbeba mgongoni mpaka mgongo ukakataa, kisha kaka yake Elijah akaupokea mzigo. Alibebwa kwenda kanisani akawekwa kwenye benchi. Alibebwa kwenda shambani akawekwa juu ya gunia afukuze nyani. Akitaka kwenda chooni alikuwa anaita, na asipoitikiwa anangoja.

"Mpaka nimekuwa msichana mkubwa sijawahi kwenda mahali," aliniambia siku moja. "Nilikuwa napelekwa tu."

Mwaka wa 1976 padre mmoja alimleta kituoni. Kituo chenyewe kilikuwa chini kwenye tambarare, kando ya barabara, upande wa Mraru. Jina lake silitaji, na leo ukipita utaona ni ghala la nafaka. Sote tulikuwa vijana: waliokumbwa na polio, waliokatwa na mashine, wengine waliozaliwa hivyo. Tulikuwa Wataita wengi, Wakamba kiasi, na Mtaveta mmoja aliyeimba vibaya. Tryphena akafungwa vyuma miguuni kwa mikanda ya ngozi, akapewa magongo mawili, akasimama. Alilia. Halafu akapiga hatua, akaanguka kwenye saruji, na watu wakaja mbio kumwinua.

Hapo ndipo alipokasirika. Nilikuwepo, nilimwona. Alikuwa ameshauweka mkono wake chini, anajisukuma, na mpishi akamkamata kwapani akamnyanyua mzimamzima kama alivyokuwa akinyanyuliwa Ronge. Akasema, "Nirudishe chini." Mpishi akacheka. Tryphena akayaachia magongo na kujitupa chini tena, kwa hasira, mbele yetu sote, kisha akaanza kuinuka mwenyewe. Ilichukua muda mrefu mno. Uji ulipoa. Hakuna aliyeondoka.

Kutoka siku ile tukawa na desturi yetu, na desturi hii ndiyo iliyotuponza, kwa hiyo nieleze vizuri. Mwenzetu akianguka hatumgusi. Tunasimama pale pale tulipo, hata kama ni jua, hata kama kengele ya chakula imelia. Kila mmoja anasema neno moja: "Tupo." Basi. Aliye chini anasikia sauti zetu, anajua hajaachwa, anachukua wakati wake. Akitaka kuinuliwa atasema mwenyewe, "Nipe mkono," na hapo atapewa bila maneno. Ndunge, yule msichana wa Kibwezi mwenye mgongo uliopinda, alilisema neno hilo mara nyingi na hakuna aliyemdharau. Mimi nimelisema. Tryphena hakulisema hata mara moja.

Na jioni tulienda mchangani kujifunza. Tupa magongo mbali, yasikuvunje mbavu. Geuza bega. Usinyooshe kiganja, utavunja kifundo cha mkono. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kitambaa kichwani, anatuangusha mmoja mmoja na kututolea maksi kama wa shuleni.

"Kituku, umeanguka kama gunia la mahindi. Rudia."

"Mwalimu, nimechoka."

"Basi anguka ukiwa umechoka. Ukiwa Voi sokoni utachagua saa ya kuanguka?"

Mimi nilikuwa na ugonjwa mmoja wakati wa kuinuka: nilitaka kutanguliza goti, na goti moja bila mkono halisimamishi mtu. Alinipigia kelele mpaka nikaota. "Mkono kwanza, Kituku! Halafu goti." Tukimaliza tulikaa pale pale mchangani tukazungumza mambo ambayo hayasemeki kwa mtu mwenye miguu mizima: nani ameota anakimbia, nani amekataliwa na mchumba, nani anaogopa kurudi kwao. Ndunge alipenda kusema, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nimeinama tangu kuzaliwa, mbona sijakiona?" Tulicheka mpaka msimamizi akatoka na taa.

Msimamizi wetu alikuwa Bwana Donald, Mtaita wa Mwatate, mtu safi wa kola na viatu. Hakuwa mkali. Alipenda tu mambo yaonekane.

Sasa sikilizeni tulichokitaka, maana kilikuwa kitu kimoja. Kamati ya kituo ilikuwa na nyumba Voi mjini, karibu na soko, vyumba vya mbele vya kazi na vya nyuma vya kulala. Tulikuwa tumemaliza mafunzo. Tuliomba tuhamie pale pamoja, kundi letu la mchangani, tushone nguo na viatu, tujilishe. Tryphena ndiye aliyekwenda kuomba. Kamati ikasema inafikiri. Ilifikiri miaka. Halafu ukafika mwaka wa 1981, mwaka ulioitwa wa walemavu duniani kote, na ghafla tukawa na faida. Tukaambiwa kuna mgeni mkubwa anakuja, mtu wa wafadhili, na akipendezwa nyumba ya Voi itafunguliwa mwezi huo huo.

Tryphena hakulala vizuri wiki ile. Alishona mkoba wa ngozi na kitambaa cha kumpa mgeni, akaufumua, akaushona tena. Alikuwa ameshachagua dirisha ambalo ataweka cherehani yake pale Voi, la upande wa barabara, aone watu. Alinionyesha kwa kidole hewani, kana kwamba ukuta ulikuwa mbele yetu.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Wetu alikuja tukaugua.

Asubuhi ya siku yenyewe Bwana Donald aliipaka veranda polishi nyekundu. Mwenyewe, kwa mikono yake, akiwa amekunja suruali, akasugua mpaka sakafu ikatoa uso wa mtu kama kioo. Miaka yote alikaa na watu wa magongo na bado akapaka polishi. Ndunge alimwambia, "Bwana, hapa tutateleza." Akasema, "Leo tu, Ndunge. Mtembee polepole."

Mgeni akafika na kamati nzima. Hotuba zikasomwa. "Hujafa hujaumbika" ikatajwa, bila shaka. Kisha Tryphena akaitwa atoe mkoba. Alitoka mstarini akiwa na gauni la bluu alilolishona mwenyewe, mkoba umening'inia shingoni, na alitembea vizuri kuliko siku yoyote niliyomwona. Gongo la kushoto likateleza likaenda. Akalitupa mbali, akageuza bega, akaanguka kama kitabu kinavyosema, kama kingekuwepo kitabu.

Nasi tukasimama. Nikasema, "Tupo." Ndunge akasema, "Tupo." Yule Mtaveta, na Danson, mwenzetu wa mkono mmoja, wote, mstari mzima, tupo, tupo, tupo. Tryphena akatabasamu chini pale. Akaanza kugeuka juu ya tumbo lake, bila haraka. Najua angeinuka. Nimemwona akiinuka kwenye tope.

Mgeni alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Alitazama mstari wetu, watu wengi wenye mikono, hakuna hata mmoja anayesogea. Akapiga kelele. Bwana Donald akaruka na wanakamati wawili nyuma yake, wakamkamata Tryphena makwapani. "Niacheni," akasema. "Bwana Donald, niache." Wakanyanyua. Gauni lilikuwa limenaswa kwenye chuma cha goti, likabaki nyuma likipasuka, na Tryphena akasimamishwa mbele ya halaiki ile akiwa wazi mpaka kiunoni. Mgeni akalia. Wanakamati wakaangalia pembeni. Tryphena hakulia, alikuwa anatutazama sisi, na sisi hatukujua tuseme nini, maana neno letu tulikuwa tumeshalisema.

Kamati ilikutana kabla magari hayajaondoka. Tryphena aliitwa ndani, nami nilikaa chini ya dirisha, sina aibu kusema hivyo.

"Mwenzenu anaanguka mnamtazama?" mwenyekiti akauliza. "Nani amewafundisha huu ukatili?"

"Mimi, mzee," Tryphena akasema. "Si ukatili. Tunangojana."

"Mnangojana nini?"

"Mtu ainuke."

"Na asipoinuka?"

"Anaomba mkono. Mzee, ukiniinua wewe leo, kesho nani ataniinua? Lakini nikiwa na mtu wa kuningoja..."

Hakumaliza. Mwenyekiti alisema mgeni ameumia moyo, kwamba watu wasio na huruma wao kwa wao hawawezi kuachwa waishi peke yao mjini, kwamba kila mmoja arudi kwao kwenye jamii inayompenda. Akamalizia kwa kutuasa kwamba umoja ni nguvu na utengano ni udhaifu. Nawaapia, alilisema hilo, kisha akatutenganisha. Polishi haikutajwa na mtu yeyote. Nyumba ya Voi ikapangishwa kwa muuza magodoro.

Tulisambazwa wiki ile ile. Ndunge alipakiwa garimoshi akarudishwa Kibwezi kwa mjomba, na sikumwona tena. Mimi sikuwa na mlima wa kurudishwa: mama yangu alikuwa amepanga chumba mtaa wa Sofia, hapa hapa Voi, nikaenda kukaa na sindano yangu kando ya stesheni. Tryphena alipandishwa Ronge kwenye pikapu, yeye na cherehani yake, Bwana Donald akiendesha. Alikaa nyuma na mzigo, kwa hiari yake. Alipunga gongo mpaka kona.

Huko juu, jamii inayompenda ilimpenda. Mama alikuwa ameshakufa. Nyumba ilikuwa ya Elijah na mkewe Gertrude, mwanamke mwema kuliko wengi niliowajua, na ubaya wote ulitoka kwenye wema huo. Saruji ya kituoni ilikuwa bapa. Ronge ni mawe, udongo unaoteleza, ngazi kila upande. Siku ya kwanza Tryphena alianguka uani na Gertrude akapiga yowe, majirani wakaja, wakamwinua. Siku iliyofuata hivyo hivyo. Aliwaeleza. Walimsikiliza kwa heshima, na alipoanguka tena walikimbia tena. Utamwachaje wifi yako chini mbele ya watu? Kijiji kitasemaje? Mwishowe Elijah akavua vile vyuma akavitundika msumarini nyuma ya mlango, asije akajivunja, akaanza kumbeba kama zamani.

Habari zake nilizipata kwa mama mmoja aliyeshusha kabichi sokoni Voi. Kila mara alikuja na ujumbe ule ule: "Tryphena anasema mwambie Kituku bado nipo." Nami nilirudisha ule ule: nipo. Miaka ikapita hivyo. Mimi nikapata kibanda cha mabati chenye nafasi ya watu wawili, na nafasi ya pili, ya upande wa barabara, nilikataa kumpa mtu. Mwaka wa 1986 mama wa kabichi akaleta ujumbe mwingine: "Anasema uje na mikanda mipya ya vyuma vyake. Anasema anataka kushuka."

Nilikata mikanda kwa ngozi bora niliyokuwa nayo. Nikapanda. Kutoka barabarani mpaka kwao ni njia ya mbuzi, na mvua ilikuwa imenyesha usiku. Nilianguka njia nzima. Watu wema waliniinamia, nikawafukuza kwa matusi, na nilifika mlangoni nikiwa tope mpaka masikioni. Gertrude mwenyewe alininawisha mikono, akaniletea chai na kimanga, mihogo iliyopondwa na maharagwe. Tryphena alikuwa kitandani karibu na dirisha lililotazama ukuta wa jikoni. Cherehani ilikuwa kwenye kona, imefunikwa shuka. Alikuwa amenenepa usoni na kukonda mikononi. Aliponiona tope lile akacheka mpaka akakohoa.

"Umeanguka mara ngapi?"

"Sikuhesabu, mwalimu."

"Vibaya?"

"Kama gunia."

Nikamweleza Elijah nilichokuja kutaka. Kuna kibanda, kuna kazi, mama yangu ana chumba, tunaomba aje. Elijah ni mtu mpole. Alizungusha kofia yake mkononi, kisha akasema, "Shemeji Kituku, sikatai. Lakini akianguka huko Voi ni nani atamwinua? Wewe?"

"Nitainuka mwenyewe," Tryphena akasema.

"Dada, wewe..."

"Nifungie vyuma. Uone."

Nilimfunga mikanda kwa mikono yangu. Ngozi mpya ilinukia vizuri, chuma kilikuwa na kutu. Elijah akambeba mpaka uani, mara ya mwisho, alisema Tryphena, akamsimamisha na kumpa magongo. Alisimama akitetemeka. Akapiga hatua. Akapiga nyingine, akanitazama, na uso wake ukawa ule wa siku ya gauni la bluu. Kisha mikono ikamsaliti.

Alianguka vizuri. Nataka hilo lijulikane. Miaka yote ile ya kubebwa haikumsahaulisha: alitupa magongo, akageuza bega, hakunyoosha kiganja. Gertrude alipiga yowe akakimbia, na Elijah, Mungu ambariki, akamshika mkono akamzuia.

"Nipo," nikasema.

Akageuka juu ya tumbo. Akaweka viganja chini akasukuma. Mabega yakapanda kidogo yakashuka. Akapumzika, akasukuma tena. Kuku wakaja wakamzunguka, wakaona hana chakula, wakaenda. Gertrude alikuwa analia kwa sauti ya chini. Tryphena alisukuma tena na tena, nami nikaona kwamba mikono iliyokuwa ikimwinua kwenye tope ilikuwa imekwisha, imekwenda kidogo kidogo, kila siku aliyonyanyuliwa, na hakuna mikanda ya ngozi itakayoirudisha. Aliona hivyo kabla yangu. Aliweka shavu kwenye udongo.

Sikuweza kuendelea kusimama juu yake. Nikatupa magongo yangu, nikajiangusha kando yake, uso kwa uso.

"Kama gunia," akasema. Macho yamejaa.

"Nipo, mwalimu."

"Najua." Alivuta pumzi. "Kituku. Nipe mkono."

Nilimpa. Nilikuwa chini, mtu wa mguu mmoja kwenye mteremko, na mkono wangu haukuwa na faida yoyote, ila aliuomba nikampa. Tulikaa tumeshikana hivyo mpaka Gertrude hakuweza tena. Akaja, akaingiza mikono makwapani, akamnyanyua mzimamzima, na Tryphena hakusema niache. Alilaza kichwa begani kwa wifi yake.

Elijah akaninyooshea mikono mimi pia. Nikamwambia asinisogelee. Nikajigeuza, macho yananiwasha, sioni vizuri, nikatanguliza goti kama mjinga, nikateleza.

Tryphena alikuwa ameshafika kizingitini, amebebwa, miguu inaning'inia na mikanda yangu mipya. Akageuza kichwa.

"Mkono kwanza, Kituku," akasema. "Halafu goti."